Utuhurumie, Mara ya Tano

Hlotse, 2 Juni 1984

Mpwa wangu Puseletso,

Pokea salamu za watu wa huku tuliojiviringisha mablanketi kama vitunguu. Sote wazima isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo mkaza mjomba wako anasema haliumwi chochote, limechoka tu kulibeba tumbo. Yeye hajambo. Amemfumia mwanao Karabo sweta jekundu na mimi nimekabidhiwa kazi ya kulifunga kwenye kifurushi, kwa hiyo likifika lina mkono mmoja ujue wa kumlaumu. Na wewe, u hali gani huko milimani? Macho ya mama mkwe wako yanaendeleaje? Karabo bado anaukataa uji mchachu?

Kwaya ipo. Tangu uondoke, anayeongoza sauti ya kwanza ni Mama Paseka, ambaye sauti yake ni kubwa na ina miguu yake yenyewe: mimi naipungia mkono huku, yenyewe inakwenda kule. Wiki iliyopita padri aliniita kando baada ya misa akaniuliza kwa upole kama wanawake wamegombana. Nikamwambia, "Hawajagombana, Baba, nimewaandikia hivyo. Wengine wanashika ti na wengine do, kwa wakati mmoja, kwa makusudi." Akanitazama. Akasema, "Basi, mwalimu, waombe wapatane kabla ya Krismasi." Hiyo ndiyo heshima anayopewa mtunzi wa muziki mpya wa kanisa katika mji huu.

Sasa jambo lililonikalisha mezani. Ntate Mokhele, yule fundi wa kunasa sauti aliyetujia na mashine yake mwezi wa Machi, ameandika kutoka Maseru. Amemaliza kuunganisha Misa yangu ya Mlimani yote. Anasema ile sehemu ya "Utuhurumie" tuliyoirudia mara tano mchana ule, ya tano ndiyo kazi bora aliyopata kunasa kwa miaka kumi na moja. Anataka kaseti zitoke kabla ya Krismasi. Mimi nina miaka hamsini na miwili, Puseletso. Nimeandika muziki tangu nikiwa na nywele, na hakuna noti yangu hata moja iliyowahi kuvuka mlango wa kanisa letu.

Lakini sauti inayoanza pale peke yake, kabla wengine hawajaingia, ni yako, nawe umevaa nyeusi. Kaseti ikipigwa madukani mjane bado ana nguo ya msiba, watu hawatauliza uliimba lini. Watasema mke wa Motlatsi anaimba sokoni na kaburi halijaota nyasi. Kwa hiyo bila neno lako, na neno la mama mkwe wako, sitoi kitu. Fikiri, kisha uniandikie. Usiharakishe kwa ajili yangu, ingawa harakisha kidogo.

Mjomba wako,
Molefi

*

Qacha's Nek, 9 Julai 1984

Mjomba,

Salamu kwako na kwa mkaza mjomba. Sweta limefika na mikono yote miwili, Karabo analala nalo. Huku theluji imefunga njia wiki mbili, ndiyo sababu ya kuchelewa kujibu. Tumepoteza kondoo wanne. Macho ya mama yamepungua tena, sasa ananitambua kwa hatua zangu. Uji Karabo anaunywa, hakuna kingine cha kunywa.

Unaniuliza u hali gani. Mjane ana hali moja. Nakaa nyuma ya watu, narudi nyumbani kabla jua halijashuka, namsalimu mtu kwa kuinamisha kichwa. Siku nyingine jioni inafika nagundua sijasikia sauti yangu tangu asubuhi.

Kuhusu kaseti, sikumbuki niliimbaje. Nakumbuka ngazi za kanisa, na wewe unanipa telegramu, unasema, "Imefika sasa hivi." Nakumbuka nilivyokimbia kwenda kituoni nikaambiwa gari la mwisho la upande wa pili wa mto limeshaondoka. Nilifika hospitalini kesho yake saa nne asubuhi, na Motlatsi alikuwa amekwishafariki tangu alfajiri. Yaliyokuwa kabla ya ngazi zile yamefutika.

Nitumie kaseti niisikie kwanza. Siwezi kumwomba mama ruhusa ya kitu nisichokijua.

Puseletso

*

Hlotse, 20 Julai 1984

Mpwa wangu,

Tumesikitika juu ya kondoo. Mkaza mjomba wako ameuliza kama ni wale wenye masikio meusi, nami sikujua, akasema hata kondoo wa watu siwafahamu, nafahamu do re mi peke yake. Kweli tupu.

Nimemwandikia Ntate Mokhele akunakilie ile ya tano na kuituma kwako moja kwa moja. Mimi mwenyewe sijaisikiliza, wala sitaisikiliza. Unanijua: nikisikia sauti yangu ikihesabu "moja, mbili" natamani kuingia chini ya kitanda. Zile nne za kwanza hazina maana. Tulianza kila mara pale kilipotuonyesha kile chuma changu cha kutafutia do, na tukamaliza chini yake, kwa sababu wanaume wa sauti nzito wakishashiba sima hawawezi kusimama juu ya noti, wanaketi.

Ikifika, ipeleke mbele kidogo kabla ya kusikiliza. Kaseti huwa na kelele nyingi mwanzoni, hazikuhusu.

Nilitaka kuandika mengine, ila karatasi imekwisha.

Mjomba wako,
Molefi

*

Qacha's Nek, 3 Septemba 1984

Mjomba,

Salamu. Sisi wazima. Mama anakusalimu.

Kaseti imefika. Telegramu ilifika saa ngapi?

Puseletso

*

Hlotse, 12 Septemba 1984

Mpwa wangu mpendwa,

Tumefurahi sana kusikia ni wazima. Huku mipichi imechanua, mji mzima umekuwa wa waridi, hata nyumba ya karani wa mahakama inapendeza. Goti limepata nafuu. Jumapili iliyopita Mama Paseka alishika noti moja akaisahau, wenzake wakaenda mpaka "Amina" wakamwacha amesimama nayo. Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, si wewe uliyesema muziki mpya hauna mwisho?" Watu walicheka mpaka padri akatoka sakristia. Mkaza mjomba wako ameanza kufuga kuku, amewapa majina ya wanakwaya, na kuna jogoo mmoja mnene anayeitwa Molefi, wala sikuulizwa.

Unauliza saa. Ni vigumu kukumbuka baada ya miezi sita, siku yenyewe ilikuwa na mambo mengi. Nadhani mzee wa posta alikuja tulipokuwa tunamalizia. Alinipa, nikaitia mfukoni, sikuifungua kwa sababu mikono yangu ilikuwa kazini. Tulipomaliza nikaifungua na kukuletea pale ngazini. Ndivyo ilivyokuwa. Hata ningeifungua pale pale, tofauti ingekuwa dakika chache tu, na gari lilikuwa limekwishaondoka.

Usijisumbue na saa, mwanangu. Niambie kama wimbo umekupendeza.

Mjomba wako,
Molefi

*

Qacha's Nek, 1 Oktoba 1984

Mjomba,

Salamu kwa mkaza mjomba na kuku wake.

Nikueleze nilivyoisikiliza. Redio ya kaseti aliyokuja nayo Motlatsi kutoka migodini imefunikwa kitambaa tangu tulipozika. Nilimwambia mama nina kaseti ya kwaya na sijui nifanye nini. Akasema anakwenda kuokota samadi kavu ya kukokea moto, na kwamba akiwa huko huwa hasikii kitu. Akachukua gunia na fimbo yake akaenda, yeye asiyeona samadi wala jiwe.

Ntate Mokhele hakunakili ya tano peke yake. Alinakili utepe wote wa mwisho, akaandika kwenye karatasi, "Nimeacha kila kitu, uchague mwenyewe." Kwa hiyo inaanza tukiwa katikati ya mara ya nne, tunashuka. Tunamaliza. Watu wanakohoa, benchi linaburutwa. Wewe unasema, "Nyinyi wazee wa sauti nzito, mnateremka kama ng'ombe wanaokwenda mtoni." Mmoja anajibu, "Mwalimu, ng'ombe hupandishwa na mchungaji." Watu wanacheka. Na mimi nacheka, namsikia huyo mwanamke akicheka.

Kisha mlango unagongwa, mara tatu. Nasikia viatu vyako. Mzee wa posta anasema, "Telegramu, mwalimu. Wameandika ya haraka." Unasema, "Ahsante, mzee." Viatu vinarudi.

Kipaza sauti kilining'inia juu ya kichwa chako, Mjomba. Ndicho kilichokuwa kwenye boriti, kwa kamba nyekundu, ulikitania kwamba kinakukagua upara. Kinasikia kila kitu. Kinasikia karatasi ikichanwa. Kinasikia ikikunjuliwa. Baada ya hapo hakuna kitu, nikahesabu mpaka ishirini na sita. Ntate Mokhele anauliza kwa mbali, "Kuna tatizo, mwalimu?" Unasema, "Hakuna. Puseletso, kunywa maji, mwanangu. Tunarudia."

Miaka tisa nimeimba chini yako, hujawahi kuniita mwanangu mbele ya kwaya. Kwenye kwaya ni "sauti ya kwanza" kama wengine wote.

Kisha naanza kuimba.

Umeniandikia kwamba hukuifungua. Nakuuliza tena, kwa mara ya mwisho. Ilifika saa ngapi?

Puseletso

*

Hlotse, 14 Oktoba 1984

Puseletso,

Nimeandika barua hii mara sita. Zote tano za kwanza zilianza na goti.

Ilifika saa nane na nusu. Niliitazama saa yangu kwa sababu Mokhele alikuwa amesema lazima awe njiani kabla ya saa kumi. Niliichana nikaisoma. Ilikuwa kwa jina langu kwa kuwa ulikuwa unakaa kwangu majuma yale ya mazoezi, na aliyeituma ni yule rafiki yake Motlatsi aliyekuwa akilala naye chumba kimoja kule migodini. Maneno unayajua: yuko hospitali, mapafu, hali mbaya, anamuulizia mke wake, aje leo. Gari la mwisho linaondoka ng'ambo ya daraja saa tisa. Kutoka kanisani mpaka darajani, kwa gari la Mokhele, ni robo saa. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimesimama pale na karatasi mkononi. Hizo ndizo sekunde zako ishirini na sita.

Nikajiambia wimbo ni dakika kumi na moja. Nikajiambia tukimaliza nitamwomba Mokhele akupeleke, utawahi. Sikuhesabu maji ya kunywa, wala upepo ulioingia kwenye mabati tukangoja utulie, wala kwamba tulianza vibaya na kusimama na kuanza upya. Au nilihesabu, nikajifanya sikuhesabu. Tulipomaliza ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Dakika hamsini, Puseletso. Nikasubiri mtoke nje, nikakufuata ngazini, nikasema imefika sasa hivi. Neno hilo nililipanga nikiwa nashuka ngazi ya kwanza, na la pili nimelipanga mwezi uliopita, mezani hapa, nikiandika juu ya mipichi.

Ningependa kukwambia nilikuwa naumia wakati unaimba. Ingenipunguzia. Lakini sikuwa naumia. Ulipofungua mdomo nilisahau kabisa kwamba nina karatasi mfukoni. Wenzako wakaingia, ti na do zikasimama pamoja hazikutetereka, hakuna aliyeshuka, hata wazee, na kwa dakika kumi na moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Hlotse. Nilichokuwa nakisikia kichwani kwa miaka ishirini kilikuwa hewani, mbele yangu. Nilikumbuka telegramu nilipotia mkono mfukoni kutafuta leso.

Nilimzuia mke asimwone mumewe ili wimbo uishe vizuri. Nimeliandika. Mkaza mjomba wako nimemwambia jana. Amewapa kuku mahindi akaenda kulala.

Sitamwandikia Mokhele neno lolote mpaka utakaposema. Ukitaka utepe uchomwe, nitauchoma mimi.

Molefi

*

Qacha's Nek, 28 Oktoba 1984

Mjomba,

Barua yako nimeisoma.

Mama hajui. Tangu Machi tunalala sisi wawili upande huu na huu wa moto, na mara kwa mara ananiuliza, "Hivi kwa nini ulichelewa?" Hanilaumu, anauliza tu, kama mtu anayepapasa kitu gizani. Mimi namjibu kwamba barabara ilikuwa mbaya. Wauguzi walimwambia shemeji yangu kwamba Motlatsi alikuwa akiuliza tangu mchana mpaka usiku kama mke wake amefika. Hilo mama analijua. Lisilojulikana kwake ni dakika zako hamsini, na mimi nimechoka kuzibeba kwa jina la barabara.

Njoo umwambie wewe. Usiandike. Hawezi kusoma, na mimi sitakusomea.

Ukishamwambia, yeye ndiye atakayesema kaseti itoke au isitoke. Mwana alikuwa wake.

Puseletso

*

Qacha's Nek, 9 Desemba 1984

Mjomba,

Tumepata barua ya mkaza mjomba kwamba ulifika nyumbani salama na kwamba goti limevimba kwa ile njia ya farasi. Pole. Mvua zimeanza huku, mahindi yamefika magotini. Karabo bado anasimulia kwamba mgeni mwenye upara alimwonyesha jinsi ya kusikia do kwa kuweka chuma kwenye jino. Anajaribu na vijiko vyote.

Ulimwambia mama yote, umekaa chini, kofia mapajani, hata dakika ulizitaja, hukunitazama mimi nikusaidie. Hilo siwezi kukunyima. Uliona mwenyewe alivyokupakulia sima na mboga, ukala, akashika fimbo yake akakusindikiza mpaka zizini. Nilidhani ndiyo basi.

Siku ya tano baada ya wewe kuondoka, Jumamosi, aliniambia nitoe kitambaa kwenye redio ya Motlatsi na nimpigie hiyo kaseti. Nikasema, "Mama, tuko kwenye msiba." Akasema, "Msiba ni wangu pia. Piga."

Nikampigia. Akasikiliza ile ya nne tunavyoshuka, akasikiliza kukohoa, na wewe na ng'ombe wako, na yule aliyekujibu, na watu wakicheka. Mlango ulipogongwa akasema, "Zima." Nikazima. Akasema, "Rudisha." Tukaanza tena. Mlango ulipogongwa, "Zima." Mara ya tatu nikamuuliza, "Mama, hutaki inayofuata? Ndiyo iliyo nzuri." Akasema, "Hapo mwanangu yu hai, na hakuna anayejua kama anaumwa. Mnacheka. Niachie hapo."

Tangu siku hiyo anaisikiliza kila mchana akishaosha vyombo, na kila mara nazima mlangoni. Jirani mmoja alikuja kulalamika kwamba nyumba ya msiba inapiga muziki. Mama akamwambia, "Huo si muziki, wanakosea. Sikiliza vizuri."

Sasa anauliza zile tatu nyingine ziko wapi. Nilimwambia ni mbovu, Ntate Mokhele hakuzitumia. Anazitaka zote, na makelele yake yote, tangu asubuhi mlipofungua kanisa na kuanza kufunga kamba, watu walipokuwa wakiulizana habari za nyumbani. Anasema mkikosea mnachukua muda mrefu zaidi, na ni muda anaoutaka. Mwandikie Ntate Mokhele leo hii, kabla hajanasa kitu kingine juu ya tepe hizo. Kama amekwishafuta, mwambie aseme ukweli, nami nitamwambia mama.

Mimi ile ya tano nimeisikiliza peke yangu, mama akiwa na gunia lake. Niliisikiliza nikitafuta kosa. Ningelipata hata moja dogo, pumzi iliyokatika, noti iliyotetereka, ningekuandikia usiitoe, ningesema wimbo haukustahili. Sikulipata. Kama nimekusamehe sijui, na usiniulize kwa barua. Jina langu usiliandike kwenye kaseti.

Nilimuuliza mama aseme mwenyewe kama itoke au isitoke, ili nikupelekee neno lake kama lilivyo. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Zile mbovu ni zangu," akasema. "Hiyo ya tano mwambie auze. Aliilipia kwa mwanangu, ni yake."

Puseletso